Kimya Kilipovuka Mpaka

Tumpe alianguka akinawa uso. Hakuteleza wala hakusukumwa. Alifumba macho ili sabuni isimwingie, na papo hapo miguu yake ikawa haijui iko wapi. Fulana yake ya ulinzi, iliyofumwa kwa nyuzi zinazohisi jeraha, ikaanza kulia kwa mlio mwembamba kama wa kifaranga, na baba yake, Andengulile, akatoka mbio chumba cha jibini mikono ikimchuruzika maziwa.

Alimkuta amekaa kwenye sakafu ya saruji, anacheka kwa aibu, damu inamtiririka kutoka kwenye nyusi. Hakuwa akiumia. Tumpe alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, na hakukumbuka kuumia hata siku moja. Andengulile alimpangusa damu, akagandamiza kitambaa juu ya jeraha, akamwuliza imekuwaje.

"Sijui, baba. Nilifumba macho nikapotea."

Alilisema kama jambo dogo. Lakini Andengulile alikuwa amekwisha kuona vikombe vilivyovunjika siku za karibuni, na jinsi binti yake alivyoanza kushuka ngazi huku akiitazama kila hatua, kama bibi kizee. Siku hiyo aliacha maziwa yajigandie yenyewe, akaita gari la kamba lililoning'inia juu ya mashamba ya chai kuelekea taasisi ya tiba mlimani.

Ukoo wa mama yake Tumpe ulijulikana hata huko Rungwe milimani kama ukoo wa wanaoshinda mtoni. Walirithishana jeni moja yenye hitilafu, ile inayofungua mlango wa maumivu kwenye mishipa ya fahamu, na kwao mlango huo ulikuwa haufungiki. Joto kidogo tu, la blanketi au la jua la mchana, lilitosha kuwawasha miguu na mikono kana kwamba wameitia kwenye makaa. Bupe, mama yake Tumpe, alitoka kwao Kyela kwenye joto akaja kuolewa milimani kwa sababu ya baridi. Alisema hivyo mwenyewe siku ya harusi, na watu wakacheka. Hata baridi ya Rungwe haikumtosha. Alikuwa akishinda kijitoni, maji yakimfika magotini, mpaka ngozi ikachubuka, vidonda vikaoza, sumu ikaingia kwenye damu. Alipofariki, Tumpe alikuwa bado hajaanza kutambaa.

Dawa ilikuja muda mfupi baada ya mazishi. Haikuponya jeni, iliinyamazisha tu. Tumpe alichomwa sindano moja, na mtoto aliyekuwa hana raha mchana wala usiku akalala kifuani kwa baba yake mpaka baba akaogopa, akamwekea kiganja puani kuhakikisha anapumua. Tangu hapo Andengulile alilea mtoto asiyejua maumivu, na kazi hiyo si ndogo. Mtoto wa namna hiyo hushika sufuria ya moto akatembea nayo. Huvunjika kidole akaendelea kuruka kamba. Kila jioni alimkagua viganja na nyayo, ingawa fulana ilikuwepo, kwa kuwa hakuamini mlinzi asiye na macho.

*

Daktari Subilaga Mwansasu, mwanamke mrefu wa makamo mwenye sauti ya chini, alikuwa akimwangalia Tumpe tangu alipoanza shule. Siku hiyo alimchukua tone la damu na chembe ya ngozi, akajifungia na mashine zake hadi jioni. Alipotoka alimwomba Andengulile wazungumze wawili tu. Tumpe alikuwa uani, anapiga gumzo na wauguzi.

Daktari alieleza bila haraka. Uzi wa urithi, alisema, umezungushwa kwenye vibiringo vidogo vya protini, kama uzi wa cherehani, maelfu kwa maelfu kwenye mstari mmoja mrefu. Mstari huo ndio kromosomu. Ukitaka jeni inyamaze, unaweka alama kwenye vibiringo vyake. Uzi hujikunja pale, ukabanana, seli isiweze kuusoma. Lakini alama ile ina tabia ya kuambukiza. Kuna protini inayokuja kuisoma, na ikishaisoma huita nyingine iweke alama kama hiyo kwenye kibiringo cha jirani. Jirani naye humpa jirani yake. Hivyo kimya hutambaa.

Andengulile aliuliza kama ni hivyo kwa watu wote.

"Kwa watu wote kina pa kukomea," Daktari akasema. "Ndani ya seli wamo wafutaji, wanapita wakifuta alama. Na ipo mipaka. Mpaka mzuri ni mahali penye shughuli, jeni ndogo inayosomwa saa zote, huyu anaingia, yule anatoka. Kimya hakivuki soko, Baba Tumpe. Hakipati pa kukaa."

Masoko mawili ya namna hiyo ndiyo yaliyopandwa pamoja na dawa, moja kila upande wa jeni ya Tumpe. La upande mmoja lilikuwa bado linachangamka. La upande wa pili, Tumpe alipovunja ungo na mwili wake kubadilika, lilipoa mpaka likafa, na kimya kikapita. Watoto wengine waliotibiwa hawakupatwa na hilo. Kwa nini yeye, Daktari hakujua, na hakujifanya anajua.

Jirani wa jeni ya maumivu alikuwa jeni nyingine, ya mguso, ambayo kwayo mkono hujua uko wapi hata gizani. Kimya kilikuwa kimeimeza nusu. Mbele yake kulikuwa na jeni ambazo mishipa inayochunga moyo haiwezi kuishi bila hizo. Daktari hakutaja tarehe. Alisema tu kwamba mwendo wa kimya ni wa kinyonga, lakini hakirudi nyuma.

Andengulile, ambaye siku zote alitaka kujua kitu kinarekebishwaje kabla ya kukihuzunikia, aliuliza kama soko jipya halingeweza kupandwa mbele ya kimya. Haikuwezekana; mbele yake palikuwa katikati ya jeni ya mguso, na kukata pale ni kuivunja kwa mkono wako. Je, nyuma, ndani ya kimya chenyewe? Napo hapakuwezekana. Chochote kinachopandwa ndani ya kimya hunyamazishwa pamoja nacho.

"Nani afungue duka kwenye kijiji kilichohamwa?" Daktari akasema. "Soko linataka ardhi safi. Itabidi tufute kimya chote kwanza, kidogo kidogo, kwa majuma. Ardhi ikisafika ndipo tupande mpaka mpya, halafu tukirudishe kimya mahali pake."

"Na wakati mmefuta?"

"Jeni ya zamani itaamka."

Andengulile alitazama mikono yake. Aliuliza kama Tumpe angepata aliyokuwa nayo Bupe, na Daktari akakubali kwa kichwa. Dawa za kutuliza zilikuwepo, lakini kwa ugonjwa ule zilikuwa kama kumwagia moto wa msitu kikombe cha maji.

Hapo Andengulile aliomba jambo ambalo hakuwahi kufikiri angeliomba. Sheria ilimpa mzazi neno la mwisho mpaka mtoto afikishe umri. Basi yeye angekubali kwa niaba yake, na Tumpe aambiwe tu kwamba atajisikia vibaya kidogo. Akiambiwa ukweli atakataa, na akikataa atamzika kama alivyomzika mama yake.

Daktari akasema polepole, "Neno la mwisho ni lako, sikunyang'anyi. Lakini sindano ni yangu, na sitampa mtu maumivu ambayo hakuambiwa. Mwambie wewe. Ukishindwa, niite, tutamwambia pamoja."

*

Alimwambia siku ya pili yake, wanageuza vipande vya jibini kwenye rafu. Kazi hiyo waliizoea wote, na ilimsaidia asimtazame usoni. Alimweleza habari za vibiringo na masoko kadiri alivyoelewa, mpaka akafika penye maumivu, akakwama.

Tumpe alitaka kujua maumivu yakoje. Andengulile alisema ni kama moto, lakini kwa Tumpe moto ulikuwa kitu kizuri chenye rangi kinachoifanya fulana ilie. Akasema ni kama huzuni, ila iko mwilini. Tumpe alifikiri, akasema basi huzuni anaijua, labda itamsaidia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Andengulile mwenyewe kitanda kile hakuwahi kukilalia. Alikuwa amekaa tu kando ya aliyekilalia, Bupe.

Tumpe akauliza, "Mama alipokuwa kijitoni, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo. Wote walikuwa wakiuliza habari za Bupe. Andengulile aliweka kipande cha jibini chini, akajibu kwamba alikuwa anakaa tu, juu ya jiwe. Siku nyingine aliingiza miguu yake naye majini mpaka ikafa ganzi. Hapakuwa na la kufanya.

"Ilimsaidia?"

"Sijui, mama. Ila siku nisipokuwepo alikuwa anauliza niko wapi."

Walimaliza rafu nzima. Mwishowe Tumpe akamwambia kwamba anakubali. Kuwa na mwili usiojua uko wapi ameshakuonja, na kunamtisha. Hilo jingine bado hajalionja. Lakini alijua pia kwamba ujasiri wake ulikuwa wa mtu asiyejua, na kwa hiyo alikuwa na ombi.

"Nikianza kuomba mnirudishie kimya kabla ya wakati, msinisikilize. Niahidi, baba."

Akaahidi, upesi, kama mtu anayedaka kitu kabla hakijaanguka.

Daktari Subilaga alipoambiwa habari ya ahadi hiyo alikataa kuingia ndani yake. Alimweleza Tumpe mwenyewe, waziwazi, kwamba dawa ya kufuta hutumika mara moja. Mwili ukishaizoea huikataa. Akirudishiwa kimya juu ya ardhi ambayo haijasafika, kitaendelea kutambaa, na safari hiyo hakutakuwa na namna. Hayo ni lazima ayajue. Lakini yeye Subilaga hawezi kuahidi kumziba mtu masikio kwa sababu ya maneno aliyoyasema jana akiwa mzima. Atakayemsikiliza ni Tumpe atakayekuwa anazungumza naye siku hiyo.

Tumpe alimtazama baba yake. Baba alitazama dirishani. Yeye alikuwa ameahidi, Daktari hakuahidi, na mambo yakaachwa hivyo.

*

Taasisi iliwapa chumba upande wa kivulini, chenye beseni pana lililopitiwa na maji baridi kutoka mlimani. Juma la kwanza la dawa ya kufuta halikuwa na neno. Juma la pili Tumpe aliamka asubuhi akakunja uso, akamwambia baba yake kwamba chumbani kuna kitu.

Walitafuta kitu hicho pamoja, chini ya kitanda, nyuma ya pazia. Tumpe alikuwa akigeuza kichwa huku na huku kama ndama. Mwishowe alilikamata shati la baba yake, akalisogeza usoni, akaliachia, akalisogeza tena.

"Ni wewe," akasema.

Jeni ile ile iliyofungua mlango wa maumivu ndiyo iliyofanya kazi puani, na pua iliamka kwanza. Tumpe hakukumbuka kuwahi kunusa kitu. Kwa siku chache hizo alikuwa na furaha kama ya mgeni aliyefika nchi nzuri: alinusa sabuni, akanusa chai, akanusa uji ulioungua, akawanusa wauguzi bila haya. Aliapa kwamba jibini ya baba yake inanuka vibaya kuliko kitu chochote duniani, na akaomba aletewe zaidi.

Kisha mchana mmoja wa jua miguu yake ikaanza kuwa myekundu. Alidhani ni kuwashwa. Akainama kuikuna, akainuka ghafla, akamtazama baba yake kwa macho ambayo Andengulile aliyafahamu, maana aliyaona mara ya mwisho kijitoni. Macho yale hayakuwa na woga bado. Yalikuwa yanashangaa, kama yanauliza kwa nini hakuna aliyesema.

Hatutasimulia siku zote zilizofuata. Zilifanana. Asubuhi kulikuwa na nafuu, na jua likipanda, maumivu nayo yalipanda. Tumpe alikaa miguu ikiwa ndani ya beseni. Wauguzi walihesabu saa za maji na kumtoa kwa nguvu ili ngozi isichubuke, na hapo ndipo alipolia zaidi. Andengulile alikaa naye. Alijifunza tena alichokuwa amekisahau, kwamba anayeumwa hataki maneno mengi, na kwamba mkono wako hujui uuweke wapi kwa sababu kila ulipouweka ni joto.

Mchana mmoja, jua likiwa kali kuliko siku zote, Tumpe akasema, "Baba, mwite daktari anirudishie."

Andengulile alimkumbusha kwa upole kwamba yeye mwenyewe alimkataza.

"Aliyekukataza alikuwa hajui chochote," Tumpe akasema.

Neno hilo lilimwingia. Alikaa nalo, na kadiri alivyokaa nalo aliona kwamba ni kweli. Msichana aliyegeuza jibini naye siku ile alikuwa mwanawe, na huyu aliyejikunja hapa alikuwa mwanawe vilevile, na wa kwanza hakuwa na haki ya kumfunga huyu wa pili kinywa. Lakini yule wa kwanza alitaka kuishi. Huyu naye, siku za mbele, angetaka kuishi. Alitamani mtu mwingine awe baba kwa saa moja tu. Kisha akainuka, akaivunja ahadi yake, akaenda kumwita Daktari.

Subilaga alikuja na sindano ndani ya kisanduku cha barafu. Hakubishana. Alipiga magoti kando ya beseni, akarudia mambo matatu kwa maneno machache: ardhi bado haijasafika, imebaki sehemu ndogo, na wakichoma leo hakuna mara nyingine. Kisha akamwachia baba nafasi.

Andengulile alivua viatu, akaingiza miguu yake majini.

"Mama," akamwambia, "daktari huyu hapa. Sindano hii hapa. Mimi sikuzuii. Ukisema sasa, ni sasa."

Tumpe alikuwa akipumua huku ameuma meno. Alikitazama kisanduku muda mrefu. Aliuliza dawa ile ikishatolewa kwenye baridi inakaa muda gani kabla ya kuharibika, akajibiwa ni mpaka jioni.

"Basi itoe," akasema. "Uiweke pale niione. Ukae."

Daktari aliitoa sindano, akailaza juu ya kitambaa cheupe dirishani, akakaa kwenye kiti. Alikuwa na wagonjwa wengine, lakini hakuinuka. Mchana ukapita, mrefu kama mwezi. Mara kadhaa Tumpe alifungua kinywa, wote wawili wakainua vichwa, naye akakifunga. Jua lilipoondoka kwenye ukuta na ubaridi wa mlima kuanza kuteremka, dawa ilikuwa imeharibika, na Daktari akaimwaga.

Kesho yake alileta nyingine, na kesho kutwa nyingine. Tumpe hakuomba wamkatalie tena. Alimwambia baba yake kwamba mlango ukiwa wazi anaweza kukaa ndani. Wakiufunga ndipo atakapoubomoa. Aliogopa sana, alilia sana, siku moja alimtukana Daktari matusi ambayo baba yake hakujua ameyajulia wapi. Lakini kila jioni dawa ilimwagwa.

*

Ardhi ilisafika asubuhi yenye ukungu. Mpaka ulipandwa siku hiyo hiyo, masoko mawili kila upande badala ya moja, na safari hii walichagua jeni ambazo mwili huzisoma tangu tumboni hadi uzeeni, zisizojali kubalehe wala hedhi. Walipima, wakapima tena. Yalikuwa yanachangamka. Kilichobaki ni kurudisha kimya katikati.

Tumpe aliomba siku moja zaidi.

Andengulile alidhani hakusikia vizuri. Tumpe akamweleza kwamba ameuliza, na Daktari amemjibu ukweli: jeni ni ile ile moja, na dawa haichagui mguu na pua. Kimya kikirudi, harufu zote zitaondoka. Miguu yake ilikuwa ikimwaka hata anavyosema maneno hayo, lakini kulikuwa na vitu ambavyo alikuwa hajavinusa bado.

Baba yake aliteremka kwa gari la kamba akarudi na kikapu. Alileta majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni, akaleta iliki, maziwa mabichi, udongo wa shambani uliofungwa kwenye jani, kipande cha ngozi ya ndama, maua ya mparachichi. Tumpe alikaa na miguu majini, akafumba macho, akavipokea kimoja kimoja. Vingine alivikataa mara moja. Udongo alikaa nao mpaka ukamkauka mkononi. Mwishoni alimvuta baba yake shingoni, akaegemeza pua chini ya sikio lake, akatulia hapo. Andengulile hakujitikisa, ingawa mgongo ulimwuma kwa kuinama.

Jioni, kabla jua halijazama, Tumpe mwenyewe alisema, "Sasa."

Maumivu yaliondoka ndani ya siku chache, na harufu zikaondoka nayo. Mguso ulirudi polepole, kwenye vidole kwanza, halafu viwikoni na magotini. Daktari Subilaga aliendelea kumpima kila mwezi. Masoko yalisimama. Hakuna aliyethubutu kusema yatasimama milele, lakini yalisimama, na Tumpe akarudi nyumbani, akarudi kwenye rafu za jibini na ugomvi wake wa kawaida na hesabu za shule.

Mvua za kwanza zilimkuta amesimama kwenye mlango wa chumba cha jibini. Baba yake alikuwa akikoroga maziwa. Tumpe alivuta pumzi ndefu, ikaingia na kutoka tupu, akauliza bila kugeuka, "Baba, inanukaje?"

Andengulile hakuwa mtu wa maneno. Aliacha kukoroga, akafikiri. Akasema inanuka kama chungu kipya kilichotiwa maji kikiwa bado cha moto.

Tumpe alifumba macho. "Na?"

"Na majani yaliyotafunwa na ng'ombe."

"Na nini tena?"

Alijaribu kunusa akiwa pale pale alipokuwa, lakini moshi na maziwa vilimfunika pua. Basi akauweka upawa chini, akampita binti yake mlangoni, akatoka nje kwenye mvua, ili ajue la kumwambia.